Mashine ya Younis

Mnunuzi alipomtoa mtamba zizini na kumvuta kwa kamba kuelekea sokoni Siakago, Wambeti hakutoka jikoni. Mtamba yule alikuwa wake. Alimnunua kwa pesa ya muguka, yale majani ya kutafunwa, aliouchuma kwa mikono yake, jua likiwa bado halijawa kali. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesema auzwe, kwa hiyo aliinama akachochea moto, ingawa sufuria haikuwa na kitu.

Mumewe, Mugendi, alikuwa fundi wa redio na mpiga gitaa. Tangu binti yao wa pekee, Alice, afariki kwa malaria mwaka uliotangulia, hakuwa ameshika kifaa cha kazi. Redio za watu zililala kwenye rafu hadi wenyewe wakazichukua mbovu vilevile. Sokoni wanawake walimwita Wambeti “Mama…” kisha wakanyamaza, wasijue kama bado inafaa kumalizia. Nyumbani hapakuwa na sauti. Jambo moja tu lilimtoa Mugendi kitandani: mashine ya kurekodi.

“Redio hii yangu inachukua kila kitu pamoja,” alimweleza mkewe. “Mtu akikohoa, kikohozi kimeingia ndani ya wimbo. Hiyo mashine inachukua sauti nne kwenye kaseti moja, na kila sauti ina njia yake. Unaweka waimbaji huku, gitaa kule. Ukitaka kusikia moja peke yake, unasikia.”

“Na wewe utaweka nini?”

“Kwaya. Zitatoka hata Nkubu, zitanilipa.”

Wambeti alijua kwamba hakuwa amemaliza. Juu ya kabati kulikuwa na kaseti moja ya Alice akiimba wimbo wa shule, na Mugendi alitaka kuongeza gitaa lake chini ya sauti ya mtoto. Wambeti alikuwa amekataza kaseti hiyo isipigwe ndani ya nyumba ile. Hakusema kwa nini, wala Mugendi hakuuliza.

Mashine yenyewe ilikuwa imemsumbua. Nairobi, bei yake ingenunua shamba Siakago. Padri mmoja alimwonyesha kitabu cha picha cha duka la Uingereza, ambako ilikuwa rahisi, lakini ushuru wa kuitoa forodhani ungezidi bei yake. Dereva mmoja wa Timau aliahidi kumletea kutoka Arusha. Alichukua malipo ya kwanza, na kila alipoulizwa alisema mashine iko Namanga, inangoja mtu. Kisha mchuuzi mmoja wa muguka akasema, “Si mwende kwa Wasomali, Meru mjini? Vitu vya Moyale na Mandera vyote hupitia kwao.”

“Nitauza mtamba,” Wambeti alisema jioni hiyo. “Lakini tunaenda wote. Yule wa Timau alikula pesa kwa sababu ulikuwa peke yako.”

Alisema hivyo kwa sababu ya pesa. Ndani ya moyo wake alikuwa akimnunua mume.

*

Duka la Duale lilikuwa nyuma ya msikiti, limejaa blanketi, saa za ukutani na redio za Dubai ndani ya nailoni. Duale alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, mwenye haraka ya mtu ambaye daima kuna lori linamngoja. Aliposikia wanachotaka, aliingia nyuma ya pazia, akarudi na kitu kilichofungwa kwa shuka.

Mugendi aliifungua kama mtu anayefunua kitoto kilicholala. Ilikuwa ya kijivu, ina vitelezi vinne mbele vya kupandisha na kushusha sauti, na kona moja imepondeka. Ndani ya mifereji yake kulikuwa na mchanga mwekundu.

“Imetoka wapi?” Wambeti aliuliza.

“Mogadishu. Imepita Liboi, Garissa, mpaka hapa.”

“Ya wizi?”

“Mama, mimi ni mtu wa dukani. Wallahi si ya wizi.”

Duale aliiunganisha na umeme, taa yake nyekundu ikawaka, na Mugendi akashindwa kuficha uso wake. Wambeti alimkanyaga mguu, lakini mfanyabiashara alikuwa ameshaona. Alitaja bei. Wambeti aliikata nusu. Duale akacheka, akamtazama Mugendi, akasema, “Mzee, umekuja kununua wewe ama umekuja na bosi wako?” Mugendi alitazama chini. Wambeti alihisi joto likimpanda shingoni, lakini hakuondoka kwenye bei yake, na alishangaa Duale alipoanza kushuka. Alishuka haraka mno, kama mtu anayetaka mzigo utoke nyumbani kwake.

Ndipo sauti ya mwanamke ikaita kutoka nyuma ya pazia. “Dualee!” Ilikuwa sauti ndefu, nyembamba, iliyopasuka mwishoni kama kuni mbichi motoni.

Kikongwe mmoja akatoka, mama yake Duale, Ijabo. Aliiona mashine mezani. Aliweka kiganja juu yake, akasema sentensi moja kwa lugha yao. Duale alijibu kwa mkato huku akiifunika kwa shuka.

“Mama anasema nini?”

“Anasema muitunze vizuri.”

Wambeti alihesabu pesa ya mtamba juu ya kaunta. Kikongwe hakuitazama pesa. Alikuwa akimtazama yeye.

*

Nyumbani Mugendi alipiga mashine brashi, akaiunganisha na betri ya gari. Alipobonyeza mlango wake mdogo, ukafunguka: ndani kulikuwa na kaseti. Ilikuwa kaseti nzito, ya aina nzuri ambayo Siakago huioni, na imeandikwa jina moja tu kwa kalamu ya wino: Younis.

“Tumeongezewa,” Mugendi alisema, akacheka. Wambeti hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mazishi.

Aliipiga. Njia ya kwanza ilikuwa nyuzi za udi. Ya pili, ngoma. Ya tatu, msichana akiimba, sauti yake iko karibu mno, kana kwamba amesimama pale pembeni ya kabati. Mugendi alipandisha na kushusha vitelezi, akiwatoa na kuwarudisha watu wale mmoja mmoja. Kisha akawashusha wote, akaacha njia ya nne.

Kulikuwa na kijana anaongea. Alikuwa akihesabu, akikosea, akicheka, akihesabu tena. Halafu mbali, kama kutoka chumba kingine, mwanamke akaita: “Younisii!”

Wambeti aliangusha kikombe.

Kijana alijibu kitu, kwa sauti ya mtoto anayeitwa kula naye hajamaliza kucheza. Mwanamke akaita tena, na sauti ikapasuka mwishoni. Kisha kaseti ikawa kimya, ikizunguka bure.

“Ni yule mama,” Wambeti alisema. “Wa dukani. Anamwita mtoto wake.”

“Unajuaje?”

“Namjua. Hiyo ni sauti yake.”

Mugendi aliirudisha nyuma, akasikiliza, akazima. Nje mbuzi wa jirani walikuwa wakilia, na wote wawili walikaa wakiwasikiliza kana kwamba nao walikuwa wakisema neno.

*

Siku zilizofuata Wambeti hakupata raha. Akichuma muguka alisikia jina likiitwa nyuma yake. Akichota maji alilisikia ndani ya mtungi. Lakini Mugendi alikuwa amerudiwa na uhai. Alikuwa ameongea na kwaya moja ya Nkubu. Mwenyekiti wao, Mwongera, alikuwa ametanguliza malipo kidogo, na wangefika Jumamosi.

“Itabidi nitumie ile kaseti,” alisema Alhamisi akila ndengu. “Hizi za sokoni zinavuma kama mvua juu ya mabati.”

“Ile kaseti ina watu.”

“Nitawahamisha kwanza. Nitawanakili kwenye kaseti ya kawaida, kisha nifute.”

“Ukinakili, zile nne si zinakuwa moja?”

“Zinakuwa moja.”

“Basi ukipandisha udi, utamfunika mtoto. Ukipandisha mtoto, utamfunika yule msichana. Utachagua wewe? Unajua mama yake angetaka kumsikia nani?”

Mugendi alisukuma sahani. “Kaseti ni kaseti, Mama Alice. Mtamba ameenda. Tumekula pesa ya Mwongera. Nikikosa kwaya hii, hakuna nyingine.”

Alikuwa amemwita kwa jina ambalo sokoni halikumalizika. Kesho yake Wambeti aliifunga kaseti kwenye pindo la leso, akamwambia mumewe anaenda kumwona dada yake, akaenda Meru.

*

Duale alipoiona kaseti mkononi mwake alitazama pazia, kisha akatoka nyuma ya kaunta akasimama karibu naye.

“Mama, tafadhali. Ongea pole pole.”

“Younis ni nani?”

“Ndugu yangu mdogo.”

“Yuko wapi?”

Duale alisugua uso. “Mama yangu anajua yuko Yemen. Alivuka bahari, anafanya kazi. Kila Idi namwambia amepiga simu hapa dukani wakati amelala.” Alitazama pazia tena. “Mama alitangulia na lori. Sisi tulikuja kwa miguu. Watu wamebeba maji, wamebeba watoto. Younis amebeba hiyo mashine. Nilimwambia iache. Alikataa. Homa ikamshika njiani. Nimemzika mimi, karibu na mpaka, nikaibeba mimi. Miaka minne imekaa chini ya kitanda changu, sijui kaseti iko ndani. Sikulala, mama. Mtu akija kuuliza kitu kama hicho, nimeona Mungu amemleta.”

“Siku ile mama yako alisema nini?”

“Aliuliza, ‘Younis anajua unaiuza?’”

Duale alivuta droo, akatoa noti, akazisukuma kwake. “Nunua kaseti mpya, nzuri. Hiyo ifute. Nakuomba.”

Wambeti aliziangalia. Zingetosha kaseti za kwaya, na zingebaki. Alikuwa anazihitaji hata akaona aibu kwa jinsi mkono wake ulivyotaka kwenda.

“Pesa naitaka,” alisema, akizirudisha kwake. “Lakini nikimfuta, nitakuwa nimemzika mtoto wa mwenzangu bila kumwita mazishini. Mimi wangu niliitwa. Nilimwosha kwa mikono hii.”

Pazia lilisogea. Ijabo alikuwa amesimama pale, na haikujulikana tangu lini. Alinyoosha mkono. Wambeti akampa kaseti.

Kikongwe akaiingiza kwenye redio moja ya kuuzwa, akabonyeza. Kilichotoka hakikuwa sauti ya mtu. Kilikuwa kizito, cha polepole, kinaburuta maneno kama zimwi la hadithini, na juu yake sauti nyingine ilikwenda kinyumenyume. Mteja mmoja mlangoni alicheka, kisha akaacha. Duale aliruka akazima. Ijabo alikuwa amerudi nyuma hatua moja.

“Si yeye,” Wambeti alisema haraka. “Mama, si yeye hivyo. Redio haiwezi kaseti hii. Ile mashine peke yake ndiyo inaweza, na iko kwangu. Sauti yake ni nzuri. Anacheka.”

Ijabo aliitoa kaseti, akairudisha mkononi mwa Wambeti, akavikunja vidole vyake juu yake.

“Mimi najua,” alisema kwa Kiswahili chake kidogo, akimtazama mwanawe. “Siku ametoa mashine nje, najua. Mtoto akiwa hai, mtu hauzi kitu yake.” Kisha akamgeukia Wambeti. “Nakuja kwako.”

Duale aliketi juu ya furushi la blanketi, akafunika uso kwa viganja. Mama yake hakumgusa, lakini hakuondoka pale alipokuwa.

*

Jumamosi kwaya ilifika na sare zake za zambarau. Wambeti alikataa kutoa kaseti. “Mwenyewe anakuja,” alisema, na Mugendi alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Alitumia ya sokoni. Waliimba beti mbili chini ya jua, akawasikilizisha, na mvumo ulikuwa mkubwa kuliko soprano.

“Fundi,” Mwongera alisema, “hii ni wimbo ama unakaanga mayai?”

Wanakwaya walicheka kwa adabu. Mwongera alidai pesa yake ya kutanguliza. Mugendi hakuwa nayo yote, na ilibidi atoe saa yake ya mkononi mbele ya watu. Walikwenda kutafuta studio Embu. Mugendi alikaa kwenye kigoda, mkono mtupu juu ya goti, hadi Wambeti alipomletea chai. Hakuinywa wala hakumgombeza. Wambeti angependelea agombezwe.

*

Jumapili, watu wakitoka kanisani, pikapu ya Duale ilisimama kwenye njia ya Siakago na majirani wakasimama pia. Ijabo alishuka kwa kushikwa mkono. Wambeti alimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, akampa chai ya maziwa. Mugendi, ambaye alikuwa ameelezwa kila kitu asubuhi hiyo kwa maneno machache, alisimama kando ya mashine kama mshitakiwa.

Alianza na zote pamoja: udi, ngoma, msichana, kijana. Ijabo alifumba macho. Kisha akainua kidole. Hataki udi. Mugendi akaushusha. Hataki ngoma. Msichana alimwacha kidogo, akasema jina lake, “Sagal,” na Duale akaeleza kwa sauti ndogo kwamba alikuwa mchumba wa Younis, hawajui alikokwenda. Naye akashushwa.

Kijana akabaki peke yake, anahesabu, anakosea, anacheka. Ndipo mwanamke akaita kutoka chumba kile cha mbali, katika nyumba ambayo huenda haikuwa na ukuta tena.

Ijabo alijisikia mwenyewe. Alisikia mtoto akimjibu. Mtoto alipoitwa mara ya pili, kikongwe alifungua kinywa, na sauti zake mbili, ya zamani na ya sasa, zikaita pamoja ndani ya chumba cha Wambeti. Duale alitoka nje.

Mama yule hakulia mpaka kaseti ilipokuwa kimya. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa ncha ya ushungi. Halafu akaiona picha ya Alice ukutani, yenye utepe mweusi pembeni.

“Wako?”

“Wangu.”

“Iko sauti?”

Mugendi alimtazama mkewe. Wambeti akapanda kigoda, akashusha kaseti kutoka juu ya kabati, akaitia yeye mwenyewe kwenye redio.

Alice aliimba wimbo wa shule, akichanganya maneno ya ubeti wa pili. Kabla hajafika wa tatu, sauti kali ya mwanamke ikaingia: “Alice! Maji yameisha, wewe unaimba tu! Njoo hapa!” Wimbo ukakatika. Miguu midogo ikakimbia. Hapakuwa na kingine.

“Sikumwacha amalize,” Wambeti alisema. “Alikuwa anaimba vizuri, nikamwita kwa ajili ya maji.”

Mwaka mzima Mugendi alidhani mkewe anaogopa sauti ya mtoto.

Ijabo hakuwa ameelewa yote, lakini ile sauti iliyoita aliielewa. Aligonga kifua chake mara moja, kisha cha Wambeti. “Mama anaita,” alisema. “Mtoto anakuja. Umesikia? Amekuja mbio.”

Wambeti alilaza kichwa juu ya magoti ya mgeni wake, mbele ya mumewe na majirani waliokuwa mlangoni, akalia kwa sauti ambayo hakuilia makaburini.

Jioni Mugendi alimnakilia Ijabo kaseti ya kawaida ambayo redio yoyote ingeweza kupiga: njia ya nne peke yake, kama alivyotaka. Duale alitaka kulipa. Mugendi alikataa, kisha akakubali, kwa kuwa unga ulikuwa umeisha.

*

Kwaya hazikuja. Mwongera alisema maneno yake Nkubu yote, na fundi wa Siakago akajulikana kwa kukaanga mayai. Waliokuja ni wengine, waliosikia habari kwa Ijabo. Mwanzoni alikuja mwanamke kutoka Maua na kaseti iliyoloa maji, ndani yake mumewe anasoma Kurani. Halafu mzee mwenye kaseti iliyokatika vipande, iliyopita mikononi mwa watu kutoka Kismayu. Halafu wengine, wakiwa na harusi, salamu, watu wanaobishana mezani, watoto wanaofundishwa kuhesabu. Mugendi aliziunga kwa gundi na subira, akaondoa mvumo, akatenga sauti kadiri mashine ilivyoweza. Walilipa walichokuwa nacho. Wengine walileta sukari. Mtamba mwingine hakupatikana, lakini nyumba ilikula.

Majirani hawakupenda. Bundi, mzee wa kanisa, alikuja kumwonya Mugendi kwamba nyumba yake inakaribisha wafu wa watu asiowajua. Mugendi alimsikiliza, akamkaribisha chai, akaendelea na kazi. Wambeti hakuweza kumwambia Bundi kwamba amekosea. Mchana kutwa, sauti zilipita ukuta wa udongo kati ya chumba cha kazi na jiko lake, kwa lugha asiyoijua, zikicheka na kuulizana mambo ambayo yaliisha zamani. Alizoea kuweka sufuria kwa mdundo wao. Siku mashine ilipozimwa, alihisi kama watu wametoka bila kuaga.

Alasiri moja ya kiangazi alikuwa anapepeta ndengu, akili yake haipo popote. Ng'ambo ya ukuta mtoto akaita. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike wa miaka sita au saba, inaita neno moja, ikingoja, ikiita tena kwa kukosa subira.

“Niko hapa!” Wambeti alijibu. “Nakuja!”

Alikuwa ameshaweka ungo chini na kufika mlangoni, mikono ina maganda, kabla ya kukumbuka. Ndani, Mugendi alikuwa amesimamisha kaseti. Walitazamana. Kisha Mugendi akasogeza kidole, polepole, akairudisha nyuma ili mtoto aite tena.